Tumkopeshe Mfamasia Asomee Ualimu?

Hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru

Najua wengine mmetoka Gatuanyaga na wengine Gitothua, na kuna ng'ombe wanangoja kukamuliwa jioni. Sitawaweka sana.

Mtakumbuka katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama akaomba mkopo. Haukuwa mkopo wa mbuzi, wala wa tangi la maji. Binti yake amemaliza shahada ya famasia na sasa yuko hospitalini katika mwaka wa unagenzi. Hao ndio tunaowaita maintani. Binti huyo anataka kusoma kozi ya jioni ya kujifunza kufundisha, na mama aliomba kikundi kimsaidie shilingi 18,000.

Mnakumbuka vile tuliguna. Mzee mmoja akauliza, "Miaka mitano chuoni, na sasa ati anataka kuanza ualimu? Si angetuambia tangu mwanzo tumpeleke chuo cha ualimu, tuokoe pesa?" Tukacheka sana. Mama akaketi, na mkopo ukawekwa kando.

Nami niliguna pamoja nanyi. Nilicheka pia, siwezi kuwadanganya. Lakini nilipofika nyumbani usingizi ulikataa kuja, kwa sababu nilikumbuka jambo lililompata mama yangu mzazi. Leo nimeomba nafasi nizungumze juu ya jambo hilo, ndipo turudie ile hoja ya mkopo.

YALIYOMPATA MAMA YANGU

Mama yangu ana ugonjwa wa sukari. Miaka michache iliyopita alienda kliniki, akapimwa, akaandikiwa vidonge. Alipofika kwenye dirisha la dawa, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kijana aliyekuwa pale alimpa bahasha ndogo iliyoandikwa "1 x 2". Akamwambia haraka haraka, "Shosho, moja asubuhi, moja jioni, pamoja na chakula. Mwingine!" Mama akajibu, "Ndiyo, daktari." Akaenda.

Mama hakuelewa. Alikuwa amesikia sauti, lakini maneno yalimpita. Nyumbani alimpa mtoto wa jirani asome ile bahasha. Mtoto akasoma, "Moja, mbili." Basi mama akaona kwamba siku ina vidonge viwili, akavimeza vyote viwili asubuhi kwa maji matupu, akashika jembe akaenda shambani. Chakula alipanga kula saa nne.

Saa nne hakurudi. Jirani alimpata ameketi kwenye migomba, anatoka jasho, anatetemeka, na anasema maneno yasiyoeleweka. Watu walisema ni presha. Wengine walisema ni malaria. Mungu ni mwema, mhudumu wa afya wa kijiji alipita. Aliona kwamba mama bado anaweza kumeza, akampa maji yenye sukari nyingi, akangoja, akampa tena, kisha akampa chakula. Mama akarudi akilini. Sukari ilikuwa imeshuka mno mwilini. Kama angekuwa peke yake saa moja zaidi, leo ningekuwa nazungumza habari nyingine.

Sasa tujiulize: ni nani aliyekosa? Nilikasirika sana wakati ule, nikataka kwenda kumgombeza yule kijana. Lakini nikitazama vizuri, daktari aliandika dawa inayofaa. Kijana alitoa dawa iliyoandikwa. Hesabu ya vidonge ilikuwa sawa, na maneno aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Hakuna mahali utaonyesha kwa kidole useme, hapa aliandika uongo. Lakini mgonjwa aliondoka dirishani bila kujua.

Miezi kadhaa baadaye nilimsindikiza mama mwenyewe. Siku hiyo tulimpata msichana, intani. Alieleza kama yule wa kwanza, kisha akasema, "Shosho, wacha nione kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utazimeza vipi?" Mama akaeleza, na akaeleza vibaya! Yule msichana hakucheka, wala hakusema, "Si nimekwambia?" Alichukua karatasi, akachora jua na sahani kando yake, akachora mwezi na sahani nyingine. Akaweka kidonge kimoja juu ya kila sahani. Akasema, "Bila sahani, hakuna kidonge." Akamwuliza tena. Mara ya pili mama alieleza sawasawa.

Nadhani alitumia dakika tatu tu. Nilipomwuliza alijifunza wapi kufanya hivyo, alisema kwamba alikuwa na msimamizi aliyewahi kusomea namna ya kufundisha. Msimamizi huyo hakumruhusu mwanagenzi yeyote kumwachilia mgonjwa kabla ya mgonjwa kueleza kwa maneno yake mwenyewe.

Ndipo nikaona kwamba mtu mmoja alisomea ualimu, akamfundisha msichana, msichana akamfundisha mama yangu. Hiyo ndiyo njia ambayo ile shilingi 18,000 inaweza kupitia.

KUJUA NI KITU KIMOJA, KUFUNDISHA NI KINGINE

Wengi wetu tunafikiri kwamba mtu akijua kitu, basi anaweza kukifundisha. Tazameni hapa kwetu Thika. Tunayo Shule ya Vipofu ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Chukua mwalimu hodari wa hesabu kutoka shule yoyote, umwingize katika darasa lile. Hesabu anaijua, lakini kama hajafunzwa kuwafundisha wanaosoma kwa vidole, atasimama pale mbele na chaki yake mkononi, na watoto hawataona kitu. Itabidi ajifunze upya, na si hesabu atakayojifunza.

Tazameni upande wa Ruiru pia. Wakulima wa kahawa wanajua mche wa Ruiru 11. Watafiti wa kahawa waliutoa kwa wakulima mwaka 1985, ili kupambana na ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa na ule wa kutu ya majani. Kazi ya utafiti ilichukua miaka mingi. Lakini mche ule ungebaki kwenye kitalu kama hakungekuwa na maafisa wa kilimo wa kutembea shambani, kuchimba shimo na mkulima, kumwonyesha nafasi kati ya mche na mche, na kurudi msimu uliofuata kuona amefanya nini. Mtafiti alijua mche. Afisa wa kilimo alijua mche na alijua mkulima.

Dawa ni vivyo hivyo. Nitawapa mfano mmoja ambao utawashangaza, na unatokana na lugha yetu wenyewe.

Mtu wa hapa ametoka kuzika Kisumu au kutembea Pwani, amerudi na malaria. Anapewa zile dawa ambazo mtu mzima humeza vidonge vinne vinne, mara sita kwa siku tatu, vyote pamoja 24. Kipimo cha pili kinatakiwa kumezwa saa nane baada ya kile cha kwanza, kisha vingine asubuhi na jioni. Sasa kijana aliyesoma haya kwa Kiingereza anamwambia mgonjwa, "Meza sasa, halafu nyingine baada ya saa nane." Mgonjwa amemeza za kwanza saa nne asubuhi. Anasikia nini? Anasikia saa nane! Basi saa nane mchana, wakati wa chakula, anameza tena. Zimepita saa nne tu. Alitakiwa angoje mpaka saa kumi na mbili jioni.

Mnaona? Mfamasia hakusema uongo, na mgonjwa hakukaidi. Mmoja alihesabu urefu wa muda, mwingine alitazama saa ya ukutani. Mfamasia aliyefunzwa kufundisha angeuliza, "Umemeza saa ngapi? Basi za pili ni leo saa kumi na mbili, wakati kuku wanaingia kulala." Kisha angemwuliza mgonjwa arudie.

Walionifunza mimi kazi hii ya maendeleo ya jamii walikuwa wamepita katika mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya mwaka 1974 kwa msaada wa Kanisa Katoliki. Walitufundisha kwamba mtu mzima si mkebe wa kumiminiwa maziwa. Ana mambo yake anayojua, ana hofu zake, na ana aibu ya kusema "sijaelewa" mbele ya kijana. Mafunzo mazuri ya ualimu yanampa kijana mambo kama haya:

1. Kuanza na yale ambayo mtu anajua tayari. "Hii dawa umewahi kuitumia? Uliitumia vipi?"
2. Kuchagua mambo machache. Mtu mgonjwa aliyesimama kwenye foleni hawezi kushika mambo kumi. Mpe mawili au matatu ambayo akiyakosa ataumia.
3. Kuonyesha, na kumwacha afanye mwenyewe. Pampu ya pumu haielezwi kwa mdomo tu. Lazima mgonjwa aishike na avute mbele yako.
4. Kumwomba arudie, huku lawama ukizibeba wewe. "Wacha nione kama nimeeleza vizuri."
5. Kupanga somo, na kupima kama limeingia. Hilo ni la kufundisha wengi pamoja, kama wauguzi, wanagenzi wadogo, au kikundi kama hiki chetu.

Hakuna mtu anayezaliwa na haya. Yanafundishwa, yanajaribiwa, na mwalimu mwingine anaketi nyuma akikutazama na kukurekebisha.

KIJANA WA FAMASIA ANAPITIA WAPI

Nieleze kidogo, kwa sababu wengi tunalipa karo bila kujua njia ya mtoto. Shahada ya famasia ni miaka mitano. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha famasia mwaka 1974, na siku hizi hatuhitaji kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko hapa Thika, na kile cha Jomo Kenyatta kiko Juja, katikati yetu. Akimaliza, kijana anafanya mwaka mmoja wa unagenzi, kisha anasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Bodi hiyo inafanya kazi chini ya sheria ya dawa na sumu. Kuna na wale wa diploma, mateknolojia wa dawa, ambao husoma miaka mitatu, wengi wao katika vyuo vya KMTC. Hao ndio tunakutana nao mara nyingi katika vituo vya afya na kwenye kemisti.

Miaka yote hiyo imejaa kemia, magonjwa, vipimo na sheria. Ni lazima, kwa sababu dawa haina mchezo. Lakini siku ya kwanza ya unagenzi kijana anakutana na kazi nyingine. Mgonjwa anamwuliza. Muuguzi anamwuliza. Wanafunzi wanaomfuata nyuma wanataka awaonyeshe. Kila saa anafundisha, na pengine hakuna aliyewahi kumwonyesha kufundisha kunafanywaje.

Huko Marekani mfamasia aliyemaliza chuo anaweza kuendelea na mwaka mmoja au miwili ya unagenzi wa juu hospitalini. Vyuo vingi vya famasia huko vina mafunzo maalumu ya ualimu kwa wanagenzi hao. Wanahudhuria vipindi, wanaandaa somo na kulifundisha, wanasimamia wanafunzi wadogo, na mwalimu mwenye uzoefu anawatazama na kuwaambia walipokosa. Mwishoni wanapata cheti. Wanaofanya hivyo hawaachi famasia. Wanakuwa wafamasia wenye mkono wa pili.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Pale Eldoret, Chuo Kikuu cha Purdue cha jimbo la Indiana kimefanya kazi na Hospitali ya Rufaa ya Moi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanafunzi wa famasia kutoka Marekani huja kwa wiki nane, wanazunguka wodini bega kwa bega na Wakenya. Mfamasia kijana aliyeko pale anafundishwa asubuhi na kufundisha mchana.

Na kutoka huko huko magharibi kulikuja jambo ambalo litawafurahisha ninyi watu wa vikundi. Wafamasia na madaktari walianza kuwafuata watu wenye presha na sukari katika vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kama hivi vyetu. Watu wanaketi, wanahesabu pesa zao, na siku hiyo hiyo wanapimwa presha na kufundishwa juu ya dawa zao. Waliupa mpango huo jina la BIGPIC. Jiulizeni, ni mfamasia gani anaweza kufanya kazi hiyo? Yule wa kusema "Mwingine!" dirishani hawezi. Anaweza yule aliyejifunza kusimama mbele ya watu wazima na kuzungumza nao wakaelewa.

FAIDA KATIKA KAZI YAKE

Sasa nije kwa swali la yule mzee, kwa sababu ni swali la haki. Pesa za kikundi ni jasho la watu. Je, ualimu huu utamsaidia mtoto katika kazi, au ni kuongeza karatasi tu juu ya karatasi?

Kwanza, tuseme ukweli juu ya hali ya kazi. Zamani mtoto akisomea dawa, ulijua serikali itamchukua. Siku hizi sivyo. Wanagenzi wengi wamengoja kutumwa hospitalini na kungoja malipo. Mwaka 2024 chama cha KMPDU, ambacho ni cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno, kiligoma kwa siku 56, na jambo la wanagenzi lilikuwa mojawapo ya yaliyoleta mgomo. Tena tangu mwaka 2013 huduma za hospitali ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti inaajiri kulingana na mfuko wake. Kijana mwenye ujuzi mmoja anangojea mlango mmoja. Mwenye ujuzi wa pili ana milango ya kubisha.

Pili, vyuo. Tumeona vyuo vya afya vilivyotuzunguka hapa. Vyote vinahitaji watu wa kufundisha darasani na wa kusimamia wanafunzi wodini. Mfamasia akiomba kazi hiyo na aonyeshe kwamba ameandaa masomo, amefundisha na amepimwa, maombi yake yana uzito kuliko ya mwenzake mwenye alama tu.

Tatu, ndani ya hospitali yenyewe. Dawa mpya ikija, ni nani atawaeleza wauguzi? Wanagenzi wapya wakija, ni nani atawapokea? Huyo ndiye wakubwa wanamwona. Polepole anakuwa msimamizi.

Nne, mashirika na miradi. MEDS, shirika la dawa lililoanzishwa mwaka 1986 na makanisa, Katoliki na yale ya Kiprotestanti, haliuzi dawa tu. Linafundisha pia wafanyakazi wa hospitali na zahanati namna ya kutunza dawa na kuzitumia. Kazi za namna hiyo zinatafuta mfamasia anayeweza kufundisha. Na mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 nchini, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Wahudumu hao wanahitaji kufundishwa, na si mara moja tu.

Tano, akifungua kemisti yake. Hapa Ruiru kemisti ziko kila kona. Mnajua wenyewe ni gani mnarudi. Mnarudi kwa yule anayewaeleza, hata kama bei imezidi kidogo.

Sita, anajua kazi yake zaidi. Mimi mwenyewe sikuwahi kuelewa hesabu za mzunguko wa pesa vizuri mpaka siku nilipotakiwa kuzifundisha kikundi cha akina mama. Maswali yao yalinifukuza kurudi kwenye daftari! Kijana anayefundisha hawezi kulala na ujuzi wa zamani.

TAHADHARI

Sitaki mtu atoke hapa akisema nimewaahidi kazi. Cheti cha kufundisha si kazi. Kijana mvivu akipewa vyeti kumi atabaki mvivu. Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi moja, tuulize haya:

Je, kozi yenyewe inatambuliwa? Shahada na masomo ya vyuo vikuu yanasimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na vyuo vya ufundi na diploma vina mamlaka yao, TVETA. Mzazi anaweza kuuliza huko. Kuuliza si ujinga. Kuna watu wa kukodi chumba juu ya duka na kuchapisha vyeti vyenye rangi nzuri.

Je, kuna kufundisha kwa vitendo? Kozi ya kuketi na kusikiliza peke yake haimfanyi mtu mwalimu. Lazima asimame, afundishe, na mtu amtazame.

Je, mtoto mwenyewe anajua cheti hiki hakimfikishi wapi? Kozi fupi haimfanyi mwalimu wa shule aliyesajiliwa na TSC. Ikiwa anafikiri ataingia sekondari kufundisha kemia, aambiwe mapema kwamba njia hiyo ni nyingine.

Na je, ataweza muda? Mwanagenzi ana zamu za usiku. Akishindwa na zamu ili ahudhurie kozi, tutakuwa tumempotezea yote mawili.

PENDEKEZO LANGU

Nimezungumza na yule mama, na binti yake amekubali niseme haya. Napendekeza hivi. Kikundi kitoe mkopo huo kwa awamu mbili, nusu mwanzo wa kozi, nusu akionyesha kwamba anahudhuria. Arudishe kama kila mwanachama anavyorudisha, kwa riba ile ile. Huu ni mkopo, haurembwi kuwa zawadi.

Na kwa kuwa kozi inamtaka afundishe kwa vitendo, darasa lake liwe sisi. Aje Jumamosi tatu. Jumamosi ya kwanza kila mmoja wetu alete dawa zote alizo nazo nyumbani, azitie kwenye kiondo: za presha, za sukari, za mtoto zilizobaki, hata zile za jirani ulizokopeshwa. Najua ziko, msinitazame hivyo! Tuzitoe mezani, tuulizane kila moja ni ya nini na inamezwa vipi. Ya pili atufundishe kipimo cha dawa ya mtoto, kwa sababu kijiko cha chai na kijiko cha mezani si ndugu. Kile kidogo ni mililita 5, kile kikubwa ni 15, na mtoto anayepewa kikubwa badala ya kidogo amepewa mara tatu. Jumamosi ya tatu sisi ndio tutamfundisha yeye. Tutamweleza dirisha la dawa linaonekana vipi ukiwa upande wa nje, umesimama saa mbili, miguu inauma, na huwezi kusoma bahasha.

Somo hilo la tatu halimo katika kitabu chochote cha famasia. Ninyi ndio walimu wake.

Mama yangu anaendelea vizuri. Ile karatasi ya jua na mwezi imebandikwa ukutani jikoni, imeshika moshi, na picha haionekani tena. Haijalishi. Kila asubuhi anapakua chakula kwanza, anaweka kidonge kwenye ukingo wa sahani, ndipo anaketi. Nikimtembelea huwa nakitazama kile kidonge kabla sijasalimia.

Yule mama aliyeomba mkopo yuko hapa leo, ameketi nyuma karibu na mlango. Mwezi uliopita tulimwacha aketi bila jibu. Mwenyekiti, narudisha mkutano kwako, na naomba hoja yake isomwe tena.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mara ya mwisho ulipopewa dawa, uliondoka ukijua nini? Ni jambo gani uliogopa kuuliza, na kwa nini?
2. Katika kikundi chenu kuna wazazi walio na watoto katika vyuo vya afya? Watoto hao wamewahi kualikwa kuja kufundisha kikundi?
3. Je, mikopo ya kikundi chenu inaruhusu masomo ya muda mfupi, au ni mifugo na biashara peke yake? Ni masharti gani yangelinda pesa za wanachama?
4. Chagueni wawili. Mmoja awe mfamasia, mwingine mgonjwa aliyemeza dawa ya malaria saa nne asubuhi. Mfamasia amweleze lini atameza tena. Wengine wasikilize, kisha waseme mgonjwa amesikia saa ngapi.